Mikono Yenye Majani: Maisha ya Marehemu Sylvesta Boazi Gwandu (1968–2025)

Marehemu Sylvesta Boazi Gwandu alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 huko Endabash, mtoto wa tatu wa mzee Boazi Gwandu na mama Dorkasi. Kabla hata hajaanza shule alichora ng'ombe kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni uliotoka tu kusiribwa. Mama Dorkasi akashika fimbo, kisha akahesabu miguu.

"Ng'ombe gani huyu ana miguu mitano?"

"Wa tano ni mkia, mama. Amechoka."

Fimbo ilishindwa kazi, maana mwenye kuishika alikuwa anacheka.

Alisoma shule ya msingi hapohapo Endabash na kumaliza mwaka 1983. Kati ya 1985 na 1987 alijifunza uashi na uchoraji wa ramani katika chuo cha ufundi mjini Arusha, kisha akarudi Karatu na patasi moja na nyundo. Loji nyingi zilizo kwenye barabara ya kwenda lango la Ngorongoro zina mawe aliyoyachonga yeye. Wageni walipiga picha mbele ya mawe hayo. Vumbi lake alilivuta yeye.

Mwaka 1996 alimwoa Salima, binti wa vibarua wa shamba la kahawa waliotoka Singida. Yeye Mkristo, Salima Mwislamu. Ndoa ilifungwa bomani, na kila Pasaka na kila Idi nyumba yao ilijaa ndugu wa pande zote mbili.

Mwaka 2021 akina mama wafugaji kutoka Ngorongoro walishuka hadi mjini Karatu, wakaketi kimya kando ya barabara kuu, karibu na karakana yake. Mikononi walishika majani mabichi, ishara ya kuomba amani. Walichotaka ni zahanati yao na bomba lao la maji visifungwe. Hawakurusha jiwe. Waliondolewa pale kwa nguvu, na baadhi yao walifariki baadaye kwa majeraha.

Wakazi wa mji walipoamua kuwajengea ukumbusho mwaka 2023, kazi ya kuubuni ilimwangukia marehemu. Alichora ukuta mfupi, kimo cha mtu aliyeketi, wenye mikono iliyoshika majani. Chini ya mikono alichonga majina ya walioketi, waliokufa na walio hai.

Agosti 2024 alimwita mama Seenoi, mmoja wa walioketi siku ile, akamsomea majina yote kwa furaha, hadi la kwake.

"Fundi, nani amekuambia nimekufa?"

"Yeyo, mama yangu, hii ni heshima."

"Heshima ya nani? Kwetu jina la aliyekufa halitajwi. Wewe umelichonga kwenye jiwe, watoto wake walisome wakipita kwenda kununua sukari. Na mimi niliye hai umenilaza katikati yao."

Kamati ilishauri majina yazibwe kwa saruji. Marehemu alikataa, alisema saruji hubanduka, na majina yangerudi kuwaumiza watu. Akaanza kuyachonga moja moja yatoke, akitanguliza ya waliokufa.

"Mimi nitangoja," mama Seenoi alimwambia. "Ila usinicheleweshe, fundi. Unaniona nilivyozeeka."

Daktari alikuwa amekwisha kumwonya kwamba mapafu yake yamejaa makovu ya vumbi la mawe, na kwamba nyundo aiweke chini. Alifunga kitambaa kibichi mdomoni, akaendelea.

"Baba Doreen, rudi nyumbani," Salima alimwambia.

"Yamebaki mawili tu."

"Wiki iliyopita pia yalikuwa mawili. Unamhesabia nani?"

Januari 2025 alianguka mbele ya ukuta akakimbizwa hospitali. Aliaga dunia tarehe 9 Februari, alfajiri, akiwa ameketi, kwa sababu kulala kulimnyima hewa.

Alipokuwa wodini ukumbusho ulizungushiwa mabati na kutiwa kufuli. Aliyefunga hajajitambulisha kwa familia. Majina yote yametoka isipokuwa moja. La mama Seenoi bado lipo, na mwenyewe yuko hapa leo, ameketi na mjane. Marehemu hakuomba sherehe ya ufunguzi wala kukatwa utepe. Siku zake za mwisho aliulizia jambo moja tu: kama jina lile litatoka mwenye jina akiwa bado hai. Kwa hiyo familia, mbele ya jeneza hili, inamwomba mwenye ufunguo afungue asubuhi moja tu. Fundi mwenzake, Aloyce, yuko tayari na patasi.

Marehemu ameacha mjane, Salima, watoto wawili, Doreen na Raymond, mjukuu mmoja, na mama yake mzazi, Dorkasi, ambaye leo anazika mtoto kwa mara ya pili.

Apumzike kwa amani, na pumzi iliyompungukia huku aikute huko.