Shairi la Marehemu Halitasomwa

Ndugu waombolezaji, mimi ni kitinda mimba wa marehemu, nimepewa kusoma wasifu wake kwa sababu wakubwa zangu sauti zimewakauka.

Baba yetu, ambaye wengi mlimwita Koplo, alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi saa, akasoma mpaka karo ilipokosekana, na mwaka 1971 akajiunga na jeshi, akapangiwa stoo ya jiko. Huko alikuwa chanda na pete na mpishi mmoja aliyeitwa Kijiko, maana kijiko hakikutoka mfukoni mwake. Vita vilipopamba moto mwaka 1976, Kijiko alifariki kwa kuhara, kambini, kabla hajamwona adui hata kwa mbali, lakini gazeti la jeshi likaandika kwamba ameanguka akisonga mbele. Baba alichukia, akatunga shairi la kejeli lililoanza hivi:

Mama yafute machozi, mwanao yuko salama,
Hana njaa hana kiu, jeshini kapata jema.

Alilipeleka gazetini akijua fika atawekwa ndani, wao wakampa ukoplo, na shairi likawa linasomwa kila askari anapozikwa.

Mwaka 1979 alifunga ndoa na mama yetu, muuguzi, wakajaaliwa watoto wanne, kisha akaacha jeshi, akafanya kazi ya kusahihisha maandishi katika kiwanda cha uchapaji hadi alipostaafu mwaka 2011.

Kaka yetu mkubwa alilikariri shairi hilo shuleni, na mwaka 2000 akataka jeshi, Baba akamweka chini, akamweleza kwamba lile ni dhihaka tupu, kaka akacheka, akasema, “Baba, mtu hawezi kutania vizuri namna hiyo.” Alifia mpakani mwaka uliofuata, na shairi likasomwa kaburini, Mama akiambiwa ayafute machozi kwa maneno ya mume wake mwenyewe. Baba hakutunga tena, na mimi iliniuma kila alipopigiwa saluti kwa ajili ya shairi lile.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2019, akafariki Jumanne iliyopita wodini, Mama akiwa kando yake.

Tunawashukuru madaktari, majirani waliopika tangu siku ya kwanza, na wenzake wa kiwandani. Tunawashukuru pia maofisa waliokuja na shairi, ambao Mama aliwakubalia walisome, mradi kwanza watangaze Kijiko alikufa kwa nini, nao wakajibu kwa heshima kwamba hawana ruhusa hiyo.

Basi pumzika kwa amani, Baba, leo hakuna wa kukusomea.