Nyongeza ya Hundi

Foleni ya kulipia maji mjini Kisii ilikuwa imekwama, nasi tukasoma tangazo jipya dirishani: anayelipa kwa hundi aongeze ada ya benki.

"Mimi nikipima dagaa wa omena sokoni, namwongezea mteja kiganja kizima," akalalamika Mama Adhis mbele yangu, mkononi ana hundi ya kikundi cha akina mama. "Hapa mteja ndiye anayeiongezea serikali!"

"Mama, benki haifanyi kazi ya bure," Subhash wa duka la vitambaa, aliyemtangulia kwenye foleni, akamfundisha, utadhani benki ni ya babake.

Zamu ya Subhash ilipofika, aliinama, akachomoa noti kwenye soksi.

"Mzee," Mama Adhis akamuuliza kwa heshima, "huko soksini nami naweza kufungua akaunti?"

Kabla hajajibu, karani aliziba pua, akafunga dirisha, akatangaza saa ya chakula. Ilikuwa saa nne asubuhi.