Kukataa Mara Mbili

Mvua ya Rasht, kaskazini mwa Iran, haina adabu, huingia bila hodi. Jumatano hiyo asubuhi iliwabana wote chini ya turubai la mkahawa wa chai, kwenye benchi linalotazamana na duka la mikate. Upande mkavu alikaa Mwalimu Kamusi, mstaafu aliyefundisha Kiingereza miaka thelathini bila kukutana na Mwingereza. Upande unaovuja alikuwa Landan, dereva wa teksi aliyepewa jina hilo kwa kukaa London siku tisa, na mpaka leo hajarudi vizuri. Katikati Mahrokh, muuguzi, na daftari lake la maneno elfu moja mia nne ya Kiingereza cha juu. Mtihani wa kuzungumza ameshaufeli mara mbili. Jumamosi anaingia mara ya tatu, na hospitali moja ya Ireland imemshikia kazi hadi mwisho wa mwezi tu.

— Tatizo ni ndoa, — alisema Kamusi. — Kwa Waingereza kila neno lina mume wake. Mvua hii sisi tunaiita kali, wao wanaiita nzito. Ukiliozesha neno mume mwingine, umefeli.

— Nzito waliipimia wapi?

— Usiulize, binti. Kariri. Mvutaji sigara naye ni mzito.

Landan, ambaye na koti lake lililolowa hafikishi kilo sitini, aliitazama sigara yake.

— Mimi?

— Wewe. Na chai ina nguvu.

Wakaangalia vikombe vyao.

— Hii haiwezi hata kusimama, — alisema Landan.

— Na mafua? — aliuliza Mahrokh. — Maana sisi kwa Kifarsi tunayala.

— Wao wanayadaka.

— Kama mpira? Miaka kumi niko wodini nahangaika watu wasiyapate, kumbe wenzetu wanayarukia!

— Ni njama hiyo, dada, — Landan aliinama, akapunguza sauti. — Orodha kamili ya ndoa hizo wameificha. Unapewa kwenye uwanja wa ndege, pamoja na muhuri. Kule nimesikia kwa masikio yangu, hata njiwa wanaozesha maneno sawasawa.

— Ulimwelewa njiwa gani, wewe uliyeshindwa kuagiza supu?

— Niliagiza supu, Mwalimu. Wakaleta ndizi. Ndiyo njama yenyewe!

Kamusi alimpuuza. — Elfu moja mia nne hayatoshi. Fikisha elfu saba. Tena usiseme mgonjwa ana homa. Sema ametamalakiwa na joto lililokithiri.

— Mgonjwa akinisikia hivyo, Mwalimu, ataomba karatasi aandike wasia.

Mahrokh alilifunga daftari kwa kishindo. Alikuwa amechoka na maneno, na waume zao, na benchi.

Hapo ndipo alipojikinga kwao Bi Turan, mama mgeni mtaani, aliyehamia kwa mwanawe juzi. Ametoka kupanga foleni pale dukani, na kifuani ana mikate miwili ya moto ndani ya kitambaa. Alisikiliza kidogo, kisha akamgeukia Mahrokh.

— Kwani huyo mtahini alikuuliza nini, mwanangu?

Miezi miwili ya benchi, na hakuna aliyewahi kumuuliza hilo.

— Kuhusu kazi yangu. Nikajibu kidogo. Akasema, ungependa kuongeza? Nikamwambia hapana, sitaki kukuumiza kichwa. Akasema, una uhakika? Nikamwambia nimeshakuchosha vya kutosha.

— Halafu?

— Halafu nikangoja.

— Ukingoja nini?

— Aniulize mara ya tatu.

Pale Rasht ndiyo adabu: unakataa mara mbili, mwenzako anasisitiza, ya tatu unakubali.

— Akasema asante, akazima kinasa sauti.

— Hakusisitiza? — aliuliza Landan.

— Hakusisitiza. Mara zote mbili, watahini wawili tofauti.

— Washenzi! — alisema Landan, na hilo lilikuwa neno lake la kwanza baya juu ya London.

— Na la kusema ulikuwa nalo? — aliuliza Bi Turan.

— Nilikuwa na mama niliyemzalisha mapacha ndani ya gari lililokwama kwenye theluji. Habari nzima, kila neno na mume wake.

— Sasa kama ulitaka kusema, kwa nini ulikataa?

Mahrokh aliliangalia daftari lake. Miezi miwili amekuwa akiyatukana maneno yasiyo na hatia.

Bi Turan, kuona amelinyamazisha benchi, alifanya jambo ambalo mtu yeyote wa mji ule angelifanya. Alifunua kitambaa, akanyoosha mkono.

— Karibuni mkate.

Kamusi aliweka kiganja kifuani. — Umeshatukirimu kwa kusema tu, mama.

— Mkono wako usiumie, — alishukuru Landan. — Nimetoka kula sasa hivi.

Hakuwa ametoka kula. Mahrokh naye hakuwa ametia kitu kinywani tangu alfajiri. Aliiona mikate ni miwili, akajua kuna nyumba nzima inayoingoja. Mkono wenyewe aliujua: ulinyooshwa kadiri ya kukataliwa, si zaidi.

— Ndiyo, — alisema. — Asante.

Akachukua mmoja, mzima.

— Bi Mahrokh! — Kamusi alisema kwa sauti ya mtu aliyeona mtu anavua nguo barabarani.

— Jumamosi, Mwalimu. Nafanya mazoezi.

Alitafuna huku masikio yakimwaka moto. Kila tonge lilimwambia aurudishe, na hakuurudisha. Bi Turan aliutazama mkate uliobaki, akaitazama foleni iliyofika sasa kwenye kona, akaingia mvuani kwenda kusimama mwisho wake.