Nyumba ya Udongo ya Yurub

Benchi liko kivulini nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, Garissa mjini. Mafundi huja hapo kunywa kahawa ya tangawizi, na lugha ya hapo ni Kiswahili kwa ajili ya Bati, fundi wa mapaa kutoka Mwingi, ambaye Kisomali chake huishia kwenye salamu. Mwenzake ni Abdijabar, aliyepewa jina la Simiti kwa kuwa hajawahi kuona tatizo ambalo mfuko mmoja zaidi usingelimaliza. Siku hiyo walikuwa wamemgeukia Gelle, mwashi, aliyetoka kwenye kozi ya ujenzi usiochafua hewa na wazo la kumjengea binti yake Yurub nyumba ya udongo. Kwa desturi, mama wa bibi harusi ndiye husimamisha nyumba ya kwanza ya binti. Ruweyda, mke wa Gelle, alifariki mwaka uliopita. Kazi ilimbakia Gelle, naye hakutaka kuikosea. Sahra, mama wa bwana harusi, alikuwa njiani kutoka Hadado kuja kutoa kauli. Akiukataa udongo, basi.

– Wiki mbili darasani, walaal, ndugu yangu, umerudi kufinyanga vyungu! alisema Simiti.

– Ni matofali ya udongo, alijibu Gelle. Yanashindiliwa kwa mashine, hayachomwi. Simiti inawekwa kidogo tu.

– Na hiyo kaboni mliyofundishwa iko wapi? aliuliza Bati. Mimi nashinda juu ya mapaa, sijaiona.

– Imo kwenye moshi wa kiwanda cha simiti.

– Kiwanda kiko Garissa?

– Hapana.

– Basi moshi si wetu, bana!

– Wallahi hawa watu wa kaboni wana mpango, alisema Simiti. Wamemaliza maghorofa yao, sasa sisi turudi kwenye matope. Kesho watapima pumzi. Ukihema sana, faini.

– Pumzi ni kidogo, alisema Bati. Setilaiti inaona mabati yetu yanavyong'aa. Wanataka udongo ili wasiumie macho huko juu.

– Na ngamia je? Akicheua anatoa gesi. Ngoja uone, ngamia wote wa Buna watavalishwa barakoa.

– Nani atawavalisha?

– Si huyu hapa, mwenye cheti!

Hata Gelle alicheka, ila macho yake yalikuwa barabarani.

– Mvua ikija, aliendelea Bati, bibi harusi ataamka ndani ya uji.

– Msingi ni wa mawe, na paa linatokeza nje ya ukuta.

– Hayo waambie wakwe, alisema Simiti. Watasema Gelle amemtoa binti bila nyumba. Nyumba ya heshima ni simiti na mabati, kama zetu.

Maneno hayohayo Gelle alikuwa amejiambia mwenyewe usiku kucha.

– Assalaamu aleykum.

Sahra alikuwa amesimama kwenye kona, vumbi la safari kwenye jilbabu yake, na ilionekana amesikia ya kutosha. Wanaume walisogea kumpisha. Hakuketi.

– Abdijabar, nyumba yako ni ya simiti?

– Simiti tupu, eddo, shangazi yangu. Kuanzia msingi hadi juu.

– Iko mbali?

– Ile pale, mlango wa kijani.

– Na wewe, fundi?

– Yangu ni hii hapa nyuma, mama, alisema Bati. Ukuta wa simiti, mabati mapya.

Sahra alitazama mlango wa kijani, akatazama mabati, akawatazama wao.

– Saa hizi ni saa nane mchana, jua linachoma, alisema. Mbona hakuna aliyeenda kulala kwake?

Bati alichungulia ndani ya kikombe. Jasho lilimteremka Simiti shingoni.

– Haya, mkwe, Sahra alimwambia Gelle. Twende unionyeshe madirisha yatatazama upande gani.

Gelle aliinuka haraka mno, akasahau viatu chini ya benchi, akatangulia peku kwenye mchanga wa moto.