Dereva Aliyeshuka Kabla ya Zamu Kuisha

Tarehe 30 Juni 2025, ndugu yetu Urmas Lepik, ambaye walinzi wa geti, akina mama wa kantini na nusu ya mtaa wake wa Maisaka wanamjua kwa jina la Baba Hope, atatimiza miaka ishirini na moja ya kazi hapa Kwaraa Mizigo, na siku hiyohiyo anastaafu. Muda wake wa kazi ulikuwa umebakiza mwaka mzima. Hakuna aliyemfukuza, wala hajagombana na mtu. Sababu ameniruhusu niiandike, na nitaiandika, lakini kwanza tumjue mwenyewe.

Baba Hope alizaliwa Estonia, nchi ndogo ya kaskazini mwa Ulaya ambako, kwa maelezo yake, theluji hukaa miezi na watu hawapendi maneno mengi. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa dereva wa mashindano ya magari ya masafa marefu, yale ya saa ishirini na nne, ambayo gari moja huendeshwa na madereva wawili au watatu wanaopokezana kwa zamu. Alishindana mara thelathini na moja. Nafasi ya tatu aliishika mara mbili, na ya kwanza hakuwahi kuiona, jambo ambalo hulisema mwenyewe kabla hujamuuliza.

Angeweza kuiona mwaka 2003. Gari lao lilikuwa linaongoza, zimebaki saa nne, na zamu yake ikaisha. Timu ilimwonyesha kibao cha kumwita aingie. Alikipita mara tatu, maana alijiona bado ana nguvu na hakutaka mwingine amalizie kazi yake. Muda si mrefu alisinzia kwenye kona, saa tatu asubuhi, jua linawaka, akagonga ukuta. Hakuumia. Lakini mwenzake, Priit, alikuwa ameshavaa kofia ngumu, amesimama anasubiri gari ambalo halikuja. Kila dereva mpya aliyepita mikononi mwa Baba Hope amesimuliwa habari ya Priit na kofia yake. Wengine tunaweza kuisimulia huku tunapiga miayo.

Mwaka uliofuata mkewe Aikande, Mama Hope wetu, aliyekuwa amesomea kilimo hukohuko Estonia, alipata kazi Babati. Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mchanga, ofisi zinatafuta watu, na mume akafuata. Alikuja hapa Nangara kuomba kazi ya lori akiwa na Kiswahili cha maneno kama arobaini. Alimwamkia shikamoo kila aliyekutana naye, mkubwa kwa mdogo, na watoto wa Mutuka, anakolima mbaazi zake, walimwitikia marahaba bila aibu. Baadhi yao sasa wana familia na bado wanamwitikia vilevile.

Yeye ndiye aliyetuletea utaratibu wa zamu. Kila lori madereva wawili, na kila baada ya saa tatu wanabadilishana, hata kama aliyeshika usukani anajiona simba. Anayeshuka anatoa taarifa ya mambo matano: breki, tairi, mafuta, barabara na yeye mwenyewe. Manne ya kwanza yalipokelewa bila shida. La tano lilileta maneno. Xaveri, dereva wetu mkongwe wa wakati huo, alisema mwanamume hasimami barabarani kutangaza kwamba amechoka. Baba Hope hakubishana naye. Alimuuliza tu, kila safari, mpaka Xaveri akazoea kujibu. Jibu la Baba Hope mwenyewe halikubadilika kwa miaka yote hiyo: "Mimi salama." Tangu 2006 hakuna lori letu lililopinduka kwa sababu ya usingizi.

Siwezi kuiruka habari ya Minjingu. Katika safari yao ya kwanza ya zamu, Baba Hope alimfundisha Xaveri kwamba kupokezana ni kwa sekunde, si kwa soga. Walipofika Minjingu akaruka chini, akatoa taarifa, akasogea pembeni na kusimama, kama alivyozoea kwenye mashindano, ambako anayeshuka hubaki. Xaveri naye, mwanafunzi mtiifu, akaondoa lori. Aligundua kwamba kiti cha pili ni kitupu alipofika Makuyuni, kilomita nyingi mbele. Aliporudi alimkuta mwenzake kwenye kibanda cha chai, ana kikombe cha pili na neno jipya alilofundishwa na mwenye kibanda: "Nimeachwa."

Sasa ile sababu. Februari mwaka huu alikuwa anatoka Dodoma na saruji, pamoja na Mektilda, dereva wa kwanza mwanamke wa kampuni yetu, aliyefundishwa na yeye mwenyewe. Kwenye miteremko ya Kolo, mchana kweupe, Baba Hope alichelewa kuiona kona. Alichelewa kidogo tu, na Mektilda anasema yeye hata hakushtuka. Baba Hope akaegesha, akashuka, akatoa taarifa.

"Breki nzuri. Tairi nzuri. Mafuta nusu tangi. Barabara kavu, kona bado zipo. Dereva haoni vizuri."

"Baba Hope, mbona bado una saa nzima ya zamu yako?" Mektilda alimuuliza.

"Najua, mwanangu. Zamu ile nyingine nilichelewa kushuka."

Daktari wa macho alithibitisha. Gari dogo, mchana, taratibu, anaweza. Lori la tani thelathini, basi. Mimi ninayepanga safari nilifuta jina lake ubaoni, kisha nikafunga mlango wa ofisi nikalia. Nimefanya kazi na watu wengi wanaojua kuendesha, lakini anayejua kushuka nimemwona huyu mmoja. Tulimwomba amalizie mwaka wake ofisini. Alikataa, akasema mbaazi za Mutuka nazo zinadai zamu yao.

Baba Hope, asante kwa kila dereva aliyerudi nyumbani kwake. Tunakuombea afya, mvua ya kutosha shambani, na miaka mingi ya kukaa na Mama Hope bila kutazama saa. Lori lako analo Mektilda, na hali yake ni nzuri. Siku ya sherehe, Xaveri atatoka kwenye ustaafu wake aje kukurudisha nyumbani Maisaka. Ameomba kazi hiyo yeye mwenyewe. Ameahidi kwamba safari hii, kabla ya kuondoa gari, atatazama kwanza kiti cha pili.