Mwalimu Paskazia na Kadi za Kengele

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo. Mlioko dukani, mlioko shambani, mliokaa na redio jikoni, karibuni tuketi pamoja. Mimi ni Mwamvua, na leo tunamkumbuka mwalimu. Jina lake ni Paskazia Mageni. Paskazia Mageni wa Samuye, aliyefundisha Masumbwe. Wiki iliyopita alifariki kwa ugonjwa wa figo, akazikwa kwao Samuye. Nilikuwepo msibani. Nimezungumza na mumewe, na wachimbaji, na mama mwenye duka la steshenari. Niliyoyasikia ndiyo ninayowaletea.

Paskazia alizaliwa Samuye, kwa baba mfugaji. Nyumbani walisema Kisukuma tu. Alipoanza shule hakujua Kiswahili hata cha kuombea maji. Mwalimu alimwambia, "Funga mlango." Yeye akaenda kukaa. Darasa zima likacheka. Jambo hilo hakulisahau.

Kwa hiyo alipokuwa mwalimu mwenyewe, na kupangiwa shule ya msingi kule Masumbwe, alianza kutengeneza kadi. Kadi za pande mbili. Upande mmoja picha ya mlango, upande wa pili neno: mlango. Upande mmoja jembe, upande wa pili: jembe. Mtoto anatazama picha, anajaribu neno, anageuza kadi, anajua kama amepata au amekosa. Hakuna wa kumcheka. Ni yeye na kadi yake.

Mwanzoni alikata maboksi ya sabuni na kuchora kwa kalamu. Baadaye alinunua kompyuta, akajifunza kuzipanga kwenye ukurasa, kadi nne nne, na kuzichapa kwenye karatasi ngumu. Mumewe, Baba Blessing, jina lake Pantaleo, aliniambia hivi: "Kazi kubwa ilikuwa migongo. Ukurasa wa mbele unapanga kawaida. Ukurasa wa nyuma lazima uupange kinyume, kwa sababu karatasi ikigeuka, kushoto kunakuwa kulia. Ukikosea hapo, picha ya jembe unaikuta imeandikwa mlango. Alikuwa anapimia dirishani, karatasi mbili juu ya jua, mpaka anaridhika."

Wasikilizaji wapendwa, shikeni hilo. Kadi ya pande mbili ina mbele na mgongo, na mgongo lazima uwe wake. Hapo ndipo kisa chetu kilipo.

Nje ya Masumbwe kuna machimbo ya wachimbaji wadogo. Shimo la kuingilia chini wanaliita duara. Watu hushushwa na kupandishwa kwa winchi. Aliye chini anavuta waya, kengele inalia juu, na mwendesha winchi anajua la kufanya. Lakini wakati huo kila duara lilikuwa na lugha yake ya kengele. Kijana anatoka duara hili anakwenda lile, na kengele iliyokuwa ya kushusha kule, huku ni ya kuvuta. Mtu mmoja alikwishavunjwa miguu kwa ajili hiyo.

Msimamizi wa maduara yale anaitwa Onesmo. Mtoto wake alisoma kwa Paskazia. Onesmo akawakalisha wenye maduara, wakakubaliana lugha moja. Kengele moja: simama. Mbili: shusha. Tatu: hatari, toeni watu. Nne: vuta juu. Kisha akaenda kwa mwalimu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Baba Lusia."

"Nimeona Lusia alivyojifunza kwa zile kadi. Nitengenezee na mimi. Vijana wangu wa machimboni wengi ni wageni, na lugha mpya inaanza Jumatatu."

Paskazia akakubali. Mbele alichora kengele: moja, mbili, tatu, nne. Nyuma akaandika maana. Kadi nne, ukurasa mmoja. Jumatatu asubuhi, kabla ya vipindi, akazipeleka kwa Mama Sanket, yaani Bhavna, mwenye duka la steshenari pale mjini.

Ukurasa wa kwanza ulitoka safi. Paskazia akaugeuza, akaupima, akaona kila mgongo uko mahali pake. Akaukata kuwa kadi, akaacha nyingine zichapwe, akawahi darasani. Zile za kwanza Onesmo mwenyewe alikuja kuzichukua dukani, akaziweka mfukoni.

Baada ya hapo umeme ukakatika.

Nilimkuta Bhavna msibani, amekaa mkekani na wanawake wenzake. Alisema hivi: "Umeme uliporudi niliwasha mashine, nikaendelea. Sikujua kwamba ikizimwa inarudi yenyewe kwenye mpangilio wake wa awali. Mwalimu alikuwa ameiweka igeuze karatasi kwa upande mrefu. Ikawa inageuza kwa upande mfupi. Mimi nilitazama mbele, ziko safi. Nilitazama nyuma, ziko safi. Sikutazama kama zinaoana. Nikazikata, nikazipitisha kwenye plastiki. Mchana mtu wa machimbo akaja kuzichukua."

Mmesikia? Mbele safi. Nyuma safi. Lakini mgongo wa kadi ya kwanza ulikuwa umehamia kadi ya nne. Kengele moja, nyuma yake: vuta juu. Kengele nne, nyuma yake: simama. Maandishi yalikaa kichwa chini, lakini kadi ikishakatwa, mtu anaizungusha tu mkononi na kuisoma.

Bhavna alikuwa amemwekea mwalimu pakiti moja. Paskazia akapita kuichukua alipotoka shule, akaenda nayo nyumbani. Pantaleo alikuwa anakula. Akasema kwa utani, "Hebu nipime na mimi."

Mkewe akamwonyesha kengele moja.

"Simama," akajibu Pantaleo. Akachukua kadi, akaigeuza, akacheka. "Nimekosa. Inasema vuta juu."

Pantaleo anasema mkewe hakucheka. Aliichukua kadi polepole. Akaitazama mbele, akaitazama nyuma. Akachukua ya pili, na ya tatu.

"Hujakosa," akasema. "Baba Blessing, hujakosa. Washa pikipiki."

Alimpigia Onesmo. Simu haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. Akampigia Bhavna.

"Mama Sanket, zile kadi ziko wapi?"

"Wamezichukua, Mwalimu. Muda mrefu."

"Zote?"

"Zote. Kuna nini?"

Simu ilikwishakatwa. Mvua ya siku ile ilikuwa imeacha barabara tope tupu. Pikipiki iliteleza, wakaanguka, wakainuka. Paskazia akapanda tena bila kujipangusa. Pantaleo anakumbuka kwamba njia nzima mkewe alisema maneno mawili tu, mgongoni kwake: "Ongeza mwendo. Ongeza mwendo."

Tuwaache njiani, tuende machimboni. Onesmo alikuwa ameingia duarani kukagua. Mfukoni ana zile kadi za kwanza, zilizo sahihi. Kichwani anajua: kengele moja, simama. Juu kwenye winchi yuko kijana mgeni, Boaz, siku yake ya kwanza pale. Alitoka machimbo mengine yenye lugha nyingine. Alichokuwa nacho ni pakiti aliyopewa mchana. Aliisoma kwa bidii mpaka ikakaa kichwani.

Boaz alianza kumshusha kwa amri ya mdomo. Onesmo akiwa katikati ya duara, kamba ilijipinda kwenye gogo lililoshikilia ukuta. Akavuta waya. Kengele moja. Simama.

Boaz akavuta juu.

Kamba ikakaza. Gogo likaanza kucheza. Onesmo akavuta waya tena. Kengele moja. Boaz akaona bosi ana haraka, akaongeza nguvu. Udongo ukaanza kumwagika. Kila Onesmo alipoomba asimamishwe, alizidi kuvutwa.

"Nilipiga kelele," Onesmo aliniambia. "Lakini winchi inanguruma, nani atasikia? Nilishika gogo kwa mkono huu nikijaribu kuitoa kamba. Nikajua wananiua, na sikujua kwa nini."

Hapo ndipo pikipiki ilipofika. Paskazia aliruka kabla haijasimama. Aliisikia kengele moja, akaona winchi inavuta. Akapiga ukelele kwa Kisukuma cha nyumbani: "Leka! Leka!" Yaani, acha! Acha!

Boaz ni Msukuma. Mkono wake uliacha wenyewe.

Winchi ikanyamaza. Kutoka chini ikasikika sauti ya mtu anayelia kwa maumivu. Wasikilizaji, mtu anayelia ni mtu aliye hai. Walimtoa kwa kamba ya pili, kwa mikono, taratibu. Mkono wa kulia ulikuwa umevunjika mahali pawili. Gogo liliangukia chini dakika chache baadaye. Chini kulikuwa hakuna mtu.

Halafu ikaja hasira. Wachimbaji walimzunguka Boaz, wengine wameshika mawe. Paskazia akapita katikati yao, matope mwili mzima, akasimama mbele ya yule kijana.

"Huyu amefanya kama alivyofundishwa," akasema. "Aliyemfundisha ni mimi. Kadi ni zangu, na nilizitoa bila kuzigeuza zote. Nipeni kadi zote, hata aliyeiacha nyumbani akailete. Siondoki mpaka nizipate. Mkitaka kupiga, anzeni na mimi."

Hakuna aliyerusha jiwe. Mzee mmoja akasema, "Mayu, kaa chini kwanza." Mayu ni mama. Wakaanza kuleta kadi, mmoja mmoja, na yeye akazipokea moja moja, akiomba radhi kwa kila mtu.

Bhavna naye alifika, akasema kosa ni la mashine yake. Anasema mwalimu alimjibu, "Tutalibeba wote wawili, Mama Sanket. Usinipokonye upande wangu."

Baada ya siku ile Paskazia aliacha kutengeneza kadi. Hata za darasani. Kompyuta ilifunikwa kitambaa. Binti yake, Blessing, anasema mama yake alikuwa akisikia kengele ya shule anashtuka. Alikwenda hospitali kumwona Onesmo kila alipopata nafasi, akakaa naye.

Onesmo alipotoka hospitali hakwenda kwanza kwake. Alikwenda kwa mwalimu, mkono umefungwa shingoni.

"Mwalimu, tengeneza nyingine."

"Siwezi, Baba Lusia. Ningekuua."

"Zile nilizokuwa nazo mfukoni zilikuwa sahihi. Na bila kadi tunarudi kulekule, kila duara na lake. Nani atawafundisha hawa? Tengeneza. Safari hii nitakaa hapa tugeuze wote."

Akatengeneza. Mbele akachora kengele, na nyuma, juu ya neno, akachora kengele zilezile tena. Ndogo tu, pembeni. Mashine ikikosea, hata asiyejua kusoma ataona kwamba pande mbili hazioani. Na walikaa sebuleni, Onesmo kwa mkono mmoja, Bhavna, Pantaleo, na Boaz ambaye hakutaka hata kuingia ndani mpaka mwalimu alipotoka kumchukua. Waligeuza kila kadi. Mpaka leo maduara yale yanatumia lugha ile.

Boaz alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza, Samuye. Nilimwomba aseme neno. Akasema, "Wenzangu wangeniua siku ile. Yeye angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua. Hakunyamaza."

Kwa Baba Blessing, kwa Blessing na wadogo zake, kwa ukoo wa Mageni kule Samuye, kwa walimu na wanafunzi wa Masumbwe: poleni sana. Msiba wenu tumeubeba nanyi. Mungu ampumzishe mwalimu wetu.

Na wewe unayenisikiliza, kaa kidogo na hili. Pengine kuna mtu ulimwambia jambo, akakuamini, na sasa unajua kwamba halikuwa kweli. Yeye bado anatembea nalo. Usingoje akuulize. Mpigie simu sasa hivi, na asipopatikana, mfuate.