Pikipiki Zilale Ndani

Mgeni rasmi, bosi wetu, msimamizi wa maegesho, mlinzi wa geti, abiria wetu mliofika kwa miguu, na wenzetu mliosimama kwa kukosa viti: habari za asubuhi.

KARIBU

Sisi waendesha pikipiki wa kituo cha juu ya mteremko tunakukaribisha kwa mikono miwili, ingawa leo mikono yenyewe iko mifukoni. Utatusamehe. Tunakushukuru kwa namna ya pekee kwa kufika saa moja kamili asubuhi. Wageni wengi waliowahi kututembelea walifika saa sita, jua likiwa limeshatufanyia nusu ya kazi, wakatukuta tunacheka na pikipiki zinanguruma, wakaondoka wakisema hawa watu hawana shida. Wewe umetukuta kama tulivyo. Ukiona msomaji anatetemeka, si kwamba anakuogopa. Ni baridi tu.

TULIKOTOKA

Kikundi chetu kilianza miaka sita iliyopita kikiwa na watu wanane na pikipiki tano. Leo tuko arobaini na mmoja. Kazi yetu inaanza wakati wengine wanajigeuza upande wa pili. Tunapeleka wauguzi zamuni, waokaji kwenye matanuri, walimu wanaofundisha ng'ambo ya mto, na yeyote ambaye akichelewa asubuhi siku yake imeharibika. Njia za kwetu ni nyembamba na zina mawe, gari halipandi. Asiye na miguu ya kupanda na kushuka hana mwingine ila sisi.

Zamani kila mtu alilala na pikipiki yake ndani. Hatusemi hivyo kukuchekesha. Chumba ni kimoja: kitanda, meza, watoto, na pikipiki imeegemezwa ukutani, imefunikwa shuka kuukuu. Wake zetu walilalamikia harufu ya petroli, na mume wa mwenzetu mmoja aligonga kidole cha mguu kwenye pedali akienda kunywa maji, mpaka leo ukucha haujarudi. Lakini alfajiri pikipiki iliwaka. Kisha wezi wakaanza kuvunja milango, zikaenda mbili ndani ya mwezi mmoja. Tukaiandikia ofisi ya bosi barua tukiomba maegesho yenye uzio na mlinzi, pikipiki zote zilale pamoja, na wote tukatia saini. Barua hiyo tuliiandika wakati wa joto, watu wamefungua vifungo vya mashati, na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kuuliza kipupwe kikiingia itakuwaje. Kosa hilo ni letu, hatumsingizii mtu.

MAFANIKIO

Maegesho yamejengwa. Tangu tuanze kuyatumia miezi minne iliyopita, haijaibwa pikipiki hata moja. Mlinzi ni mtu wa kazi, hasinzii. Tunashukuru.

CHANGAMOTO

Maegesho yako bondeni, mahali ambapo baridi hushuka usiku na kukaa. Kwenye mchoro tuliooneshwa kulikuwa na paa. Paa bado liko kwenye mchoro. Geti linafungwa saa tatu usiku na kufunguliwa saa kumi na moja alfajiri, na pikipiki itakayolala kwingine, mwenyewe anavuliwa kizibao chake chenye namba. Bila kizibao hubebi abiria.

Kwa hiyo alfajiri tunaingia tunakuta viti vimeota barafu nyembamba, tunaikwangua kwa kifuniko cha soda. Betri imekufa ganzi. Oili imekuwa nzito kama uji uliolala. Unavuta choki, unapiga kiki, unapiga tena, mpaka goti linaomba radhi. Ukizidisha, petroli inalowesha plagi, na hapo ni kufungua na kuanza upya kwa vidole visivyokunjika. Ikiwaka, ukirudisha choki mapema inazimika, na ukichelewa kuirudisha injini inajaa petroli, inakohoa na kuzimika katikati ya mteremko, huku abiria wako nyuma anauliza, "Kaka, vipi tena?"  

Kila mtu ana dawa yake. Wengi wetu jioni tunachomoa plagi, tunaondoka nayo mfukoni, na alfajiri tunaipasha jikoni kabla ya kutoka. Mke wa mwenzetu mmoja, tunayemwita Dokta, aliikuta plagi kwenye sahani akamwuliza, "Hii nayo ni mboga?" Dokta huyohuyo siku moja aliimwagia injini birika zima la maji yaliyochemka. Ilitoa mlio mmoja tu, ikapasuka. Siku hizi Dokta ni abiria wetu.

Kwa hayo machache, tunaomba ofisi iendelee kututazama kwa jicho la huruma, na tunakushukuru kwa kutusikiliza.

Mgeni rasmi, risala iliyopitiwa na kupitishwa na ofisi inaishia hapo. Imebaki karatasi moja. Tumeiandika leo alfajiri, tukisubiri pikipiki ziwake. Bosi, tunakuomba ukae tu. Ni karatasi moja.

HABARI YA MAMA PACHA

Yule aliyekaa mstari wa nyuma, mwenye koti la kijivu na asiye na kizibao, ni mwenzetu. Tunamwita Mama Pacha kwa sababu ya wanawe wawili. Ameendesha pikipiki miaka mitano bila kumwangusha mtu. Ana mdomo, hilo hatukufichi. Akiitukana injini, sisi wengine tunainamisha vichwa. Lakini kazi yake ni ya uhakika kuliko yetu sote.

Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alikuwa anampeleka hospitali jirani yake, mzee mmoja mwalimu mstaafu, kwenda kusafishwa damu, maana figo zake zimegoma. Mwalimu alitufundisha nusu yetu hesabu, na bosi akiwemo. Mashine za hospitali ni nne na wagonjwa wamepangwa. Saa kumi na mbili na nusu usipokuwa kwenye kiti chako, anawekwa mwingine, na hawawezi kulaumiwa.

Jumatano moja, wiki tatu sasa, Mama Pacha alifika hapa getini wa kwanza. Alipiga kiki mpaka akavua koti. Mwenzetu mmoja akamwazima plagi ya moto, ikawaka, akapanda mteremko mbio. Alimkuta Mwalimu amekaa mlangoni kwenye stuli, amevaa koti, na skafu ya marehemu mkewe shingoni. Pikipiki ikazimika mara ya kwanza kwenye kona ya chini. Ikawaka. Ikazimika njia panda. Ikawaka shingo upande. Mbele ya kituo cha mafuta ikakata kabisa.

Mama Pacha aliangalia huku na huku, hapakuwa na gari wala mtu. Akaanza kusukuma, Mwalimu akitembea kando ameshika kiti, anasimama kila hatua kumi kuvuta pumzi. Mama Pacha alikuwa analia kwa hasira, na machozi yalimkera zaidi kwa sababu mikono haikuwa na nafasi ya kuyafuta.

"Binti yangu," Mwalimu akamwambia, "usinililie mimi. Sukuma tu."

"Sikulilii wewe, Mwalimu. Nalilia hili jitu."

Walifika saa mbili kasoro. Muuguzi aliwaangalia kwa huruma, akasema, "Mama, kiti kina mtu. Tungemsubiri mpaka saa ngapi? Mlete Ijumaa." Wakarudi. Kesho yake jioni Mama Pacha alipokwenda kumjulia hali, alimkuta miguu imevimba haiingii kwenye viatu, na uso umejaa maji. Mwalimu akatania kwamba hatimaye amenenepa. Mama Pacha hakucheka. Alitoka pale akiwa ameshaamua.

Alikuja getini akamwambia mlinzi anaipeleka pikipiki kwa fundi. Akaiingiza chumbani kwake, akafungua dirisha harufu itoke, akawalaza pacha na makoti yao, na blanketi nzito kuliko zote akaifunika injini. Mumewe akamwuliza, "Na sisi je?" Akajibu, "Sisi hatuna kabureta." Hakulala sana. Alikuwa anaamka kuipapasa kama mtu anayepima homa ya mtoto.

Ijumaa alfajiri iliwaka kiki ya kwanza. Mwalimu alifika hospitali kabla ya muuguzi, wakaketi kwenye benchi wakisubiri mlango ufunguliwe.

Aliporudi hapa, bosi alikuwa anamsubiri. Akamwuliza, "Fundi gani huyo anayefanya kazi usiku kucha?"

Mama Pacha angeweza kutaja jina lolote, na sisi tungemtetea. Lakini alikuwa amechoka, na aliyechoka hana nguvu za kudanganya. Akasema, "Blanketi, bosi."

Tulicheka. Tunaona aibu tukikumbuka kwamba tulicheka. Bosi alifuata sheria, sheria ambayo sisi wenyewe tuliiomba na kuitilia saini. Akamvua kizibao, na pikipiki yake ikabaki hapa ndani ya uzio. Ndiyo ile nyekundu, ya tatu kutoka kwenye nguzo.

Tangu siku hiyo tunampeleka Mwalimu kwa zamu. Wanne tunafika mapema, ambaye yake itawaka kwanza ndiye anayekwenda kumchukua. Asubuhi nyingine haiwaki hata moja kwa wakati. Katika safari nane, tumemkosesha mashine mara tatu. Ya tatu ilikuwa jana. Alikuwa amealikwa akae hapa mbele, kwenye kile kiti mnachokiona kitupu. Ametuma salamu. Viatu vimekataa.

MAOMBI

Mgeni rasmi, tulipoanza kuandika tulitaka tuombe paa. Tukahesabu barua tulizokwishaandika kuhusu paa, tukaliacha. Tukasema basi tuombe pikipiki zilale ndani miezi ya kipupwe tu, wezi tutapambana nao wenyewe. Mmoja wetu akasema hilo litakwenda kwenye kikao, na kikao kitakwenda kwenye kikao kingine, mpaka joto lirudi. Tukaliacha nalo. Unavyotuona hapa, tumebaki na ombi dogo sana.

Ratiba inasema baada ya risala hii utapiga kiki pikipiki moja, iwe ishara ya kuyafungua rasmi maegesho haya. Imeandaliwa ile pale mbele, yenye utepe. Inang'aa. Tunapaswa kukueleza kwamba hiyo haikulala hapa. Jana jioni tuliibeba sisi wenyewe, watu wanne, tukaiingiza ofisini, ikalala karibu na hita, mlango umefungwa. Tuliambiwa ni kwa heshima yako, ili usiaibike mbele ya watu. Nasi tulikubali. Hata ofisi, mgeni rasmi, inajua pikipiki inapaswa kulala wapi.

Tunakuomba uiache hiyo. Nenda kwenye ile nyekundu. Ufunguo anao mlinzi, na mafuta yamo, tumeyatia leo. Vuta choki mpaka mwisho, upige kiki. Ikiwaka na ikakaa bila kuzimika mpaka tuhesabu mia, sisi tutapiga makofi na kwenda kazini, na hatutaandika tena barua yoyote.

Isipowaka, usione haya. Hapa hakuna atakayekucheka, hilo tumelimaliza. Tunaomba tu kitu kimoja, na kalamu tunayo: utuandikie kibali cha pikipiki moja, kulala nyumba moja, usiku mmoja. Usiku wa leo. Mengine mtayajadili kwa nafasi yenu, nasi tutasubiri, kusubiri tunakujua. Lakini kesho ni Ijumaa, na saa kumi na moja na nusu alfajiri Mwalimu atakuwa amekaa mlangoni na koti lake, akisikiliza kama kuna kitu kinapanda mteremko.

Mwenyezi Mungu akujalie afya, akulindie wazee wako nyumbani, na akufikishe salama uendako bila kuzimikiwa njiani.

Ni sisi,
Umoja wa Waendesha Pikipiki wa Alfajiri,
watu arobaini na mmoja, Mama Pacha tukimhesabu.